Mradi wa chanjo ya kuku Luchelele, Mwanza: kaya saba, kichupa kimoja

Februari, wiki ya kwanza

Naanza kuandika kwa sababu Novemba iliyopita sikuandika chochote, na sasa kila nikiulizwa kuku walianza kuumwa siku gani, nakisia tu. Walikuwa 46. Alianza tetea mwekundu aliyekuwa anatamia. Nilimkuta ameyaacha mayai, mabawa yanaburuta chini, kinyesi cha kijani kama mlenda. Siku ya tatu jogoo akawa anazunguka mahali pamoja, shingo imepinda, anadonoa hewa. Hadi siku ya tisa walibaki watano.

Hapa wengi wanauita mdondo, wengine kideri. Kitaalamu ni ugonjwa wa Newcastle, jina la mji wa Uingereza ulikotambuliwa mwaka 1926. Unaletwa na kirusi, na kuku akishaugua hakuna dawa ya kumtibu. Mimi nilinunua dawa ya unga ya kuchanganya kwenye maji, nikatia shubiri, nikatia pilipili. Nilikuwa nahangaika na wagonjwa wakati kazi yenyewe ilitakiwa kufanyika miezi mitatu kabla.

Mradi ni huu: kaya saba zilizo kati ya barabara na mwalo wa wavuvi tuchanje pamoja, siku moja, na kila kuku aandikwe kwenye daftari. Kikwazo kikubwa siku zote kilikuwa kichupa. Kina dozi nyingi kuliko kuku wa nyumba moja, na kikishaanza kutumika hakikai. Mwenye kuku kumi anaona anamwaga hela, anaacha. Tukichangiana, kila kaya inatoa hela ya fungu la nyanya.

Februari, wiki ya pili

Tumechanja. Kuku 164, kuanzia saa kumi na moja alfajiri kabla ya kuwafungulia, maana wakishatoka wakapanda mawe huwapati tena hadi magharibi. Barafu nilichukua mwaloni kwa wanaouzia wavuvi, nikaweka kichupa kwenye deli dogo la aiskrimu, nimekifunga kwenye kitambaa kisigusane na barafu.

Chanjo tunayotumia inaitwa I-2. Ilitokana na utafiti wa Australia uliolenga vijiji visivyo na friji, na sasa inatengenezwa hapahapa Tanzania. Inavumilia joto kuliko zile za zamani, lakini jua la saa saba mchana likiipiga juu ya bodaboda inaharibika kama nyingine yoyote. Ni kirusi hai cha aina ileile ya kideri, ila hiki hakiui kuku. Ndiyo maana kifaranga na jogoo wanapewa tone moja sawasawa: kirusi chenyewe kinaongezeka ndani ya kuku, na mwili unajifunza kukitambua.

Mama Kulwa alishika, mimi nikatonesha. Kichwa unakilaza upande, jicho liangalie juu, unatonesha bila ncha ya kichupa kugusa jicho, halafu hapo ndipo wengi wanapokosea: wanamwachia kuku palepale, anatikisa kichwa, tone linaruka. Inabidi umshike mpaka tone litandae na apepese jicho mara moja au mbili. Ukisubiri utaona koo linacheza, kama anameza. Kuna njia ndogo kutoka jichoni kwenda puani na kooni, ndimo tone linamopita, na nyuma ya jicho la kuku kuna tezi ambayo nayo ni sehemu ya ulinzi wa mwili. Kwa hiyo kinga inaanza kujengwa palepale ambapo kirusi cha kweli kingeingilia.

Kaya ya tatu walitaka kuweka kwenye maji ya kunywa kwa kuwa wana kuku 38. Maji yao ni ya bomba, yana klorini, na klorini inaua chanjo hai. Tukashika mmojammoja.

Bibi wa kaya ya saba alitupokea vizuri, "Mwangaluka, wanangu," akatupa na viti, lakini tetea wake anayetamia akakataa asiguswe. Nimemwandika: mmoja, hakuchanjwa.

Kinga inahitaji kama wiki mbili kukomaa. Nimezungushia tarehe.

Machi

Masika, madimbwi kila upande wa mawe, na mbu. Mbu wanaeneza ndui ya kuku, vile vipele vyeusi kwenye upanga wa kichwani na machoni. Mtu akiona vipele anasema ni joto.

Chanjo ya ndui ni tofauti na zote, na kwangu ndiyo nzuri kuliko zote kwa kujifunzia, kwa sababu inaonyesha kwa macho kama imeshika. Sindano yake ina meno mawili. Unaichovya kwenye chanjo, unanyoosha bawa, unatafuta ile ngozi nyembamba isiyo na manyoya wala nyama, unakwepa mshipa, unatoboa mara moja. Baada ya siku saba hadi kumi unarudi kuangalia. Imeshika ikiwa pale ulipotoboa pamevimba na kuota kigaga. Pakiwa laini kama ngozi nyingine, ama kuku alikuwa na kinga tayari, ama hukumchanja, hata kama unaamini umemchanja.

Siku ya nane nilianza bandani kwangu. Nilimshika wa kwanza, nikafungua bawa nikalielekeza kwenye mwanga wa mlango, nikapuliza manyoya yagawanyike. Ngozi safi, mishipa myekundu inaonekana kama nyuzi, hakuna kitu. Wa pili, hakuna. Wa tano alikuwa nacho, kidogo kama punje ya mtama, kigumu ukikipapasa. Kati ya kuku 20 nilipata watatu tu.

Nikaenda kwa Mama Kulwa nikijua nitakuta yaleyale, maana kichupa ni kimoja, sindano moja, asubuhi moja. Kwake 17 kati ya 19 walikuwa na kigaga.

Tulikaa chini ya mwembe tukarudia kila hatua tuliyofanya. Kwangu, kabla ya kutoboa, nilifuta kila bawa kwa pamba yenye spiriti, kama ninavyofutwa mimi zahanati nikichomwa sindano. Pamba ikaisha. Kwake hatukufuta. Ile spiriti iliyokuwa haijakauka ndiyo iliyoua chanjo, kwa sababu chanjo hai ni kiumbe na spiriti haichagui. Usafi wangu wote ulifanya kazi ya kuwanyima kuku kinga, na kama ndui isingekuwa na kigaga nisingejua mpaka vipele vitokee.

Nimerudia kuchanja wale 17, bila spiriti. Wamepata kigaga 15.

Tangu siku hiyo daftari lina safu mbili. Moja ya "amechanjwa", nyingine ya "imeshika". Kwa kideri safu ya pili iko wazi yote, kwa sababu kitone cha jichoni hakiachi alama, na hilo linanisumbua sana.

Mei

Kaya ya tano walinunua vifaranga 30 mwezi wa nne. Wakiwa wiki ya tatu kuelekea ya nne wakaanza kujikunyata, manyoya yamesimama, kinyesi cheupe cha majimaji, wanajidonoa sehemu ya nyuma. Kufa kulikuja kwa kasi na kukakatika ghafla: ndani ya siku tano walikufa 11, halafu basi.

Afisa mifugo alimpasua mmoja mbele yetu, juu ya mfuko wa pumba. Kwenye misuli ya paja kulikuwa na mabaka ya damu kama aliyepigwa fimbo. Kisha akafika nyuma kabisa, juu ya njia ya kinyesi, akakitoa kifuko kimoja kimevimba kama zambarau, kimefunikwa utelezi wa manjano. Akasema, "Mama, hiki ndicho kiwanda chake cha kinga." Ni gumboro.

Niliporudi nyumbani nilisoma habari za kifuko hicho mpaka usiku, mume wangu akiwa ziwani kwenye dagaa. Kinaitwa bursa ya Fabricius, kwa jina la mwanaanatomia wa Padua, Italia, ambaye maandishi yake kuhusu kifuko hicho yalichapishwa mwaka 1621. Kwa zaidi ya miaka 300 hakuna aliyejua kazi yake. Kisha huko Ohio, Marekani, kijana mtafiti aitwaye Bruce Glick akawa anawatoa kuku kifuko hicho, na mwenzake Timothy Chang akaazima baadhi yao ili awaonyeshe wanafunzi jinsi kuku anavyotengeneza kingamwili, zile chembechembe za kwenye damu zinazopambana na vijidudu. Onyesho likashindikana. Kuku waliotolewa bursa hawakutoa kingamwili. Wangeweza kuwatupa kuku wale na kutafuta wengine, lakini walitafuta sababu, na matokeo yakachapishwa mwaka 1956. Zile seli B zinazotengeneza kingamwili zinabeba herufi ya kwanza ya bursa. Yaani hata daktari anapozungumzia seli B za mtoto wangu, anataja neno lililotoka kwa kuku.

Gumboro yenyewe ilitambuliwa mwaka 1962, nayo ina jina la mahali, huko Delaware, Marekani. Kirusi chake kinashambulia hasa hizo seli B zikiwa bado zinakua ndani ya bursa. Kifaranga anayepona, hasa kama aliugua mapema, anaweza kukua, akala, akapendeza, huku uwezo wake wa kujibu chanjo nyingine umeharibika.

Mwisho wa mwezi ilikuwa zamu ya pili ya kideri, miezi mitatu tangu ile ya kwanza. Wale 19 waliopona gumboro walipata kitone kama wengine. Sita kati yao walikuwa wameshahamia kwa Bibi, zawadi. Nimewafunga wote 19 uzi mwekundu mguuni.

Julai

Tarehe 9 mgeni wa kaya ya tano alivuka na kivuko kutoka ng'ambo, akaja na jogoo wa zawadi, mzuri, mwenye upanga mkubwa. Tarehe 11 jogoo alikuwa amelala na kinyesi cha kijani. Tarehe 12 amekufa.

Hamu ya kwanza ilikuwa kukimbilia pale na kichupa. Afisa mifugo alinizuia kwa simu: anzeni na kaya iliyo mbali zaidi na ugonjwa, malizieni na iliyo karibu, kwenye banda lenye ugonjwa msiingie, maana mtaubeba kwa viatu na mikono. Alikuja mwenyewe alfajiri ya tarehe 13. Nikamwomba jambo moja: kabla ya kitone, atoe damu kwa wale sita wa uzi mwekundu walioko kwa Bibi, na kwa sita wengine wa umri huohuo kutoka kwangu, ambao nao walipata kitone kimoja mwezi wa tano ila hawakuugua gumboro. Alinitazama kidogo, akafungua mkoba.

Kwenye kaya ya tano wamekufa 12, mbali na yule jogoo. Watu wakaanza kusema chanjo ndiyo imeleta ugonjwa, na mwenye nyumba, ambaye ni dada yangu kabisa kwa mazoea yetu, alinipita njiani bila kunisalimia. Sikumlaumu. Jioni nilienda na daftari, nikakaa naye jikoni, tukasoma pamoja. Kuku wakubwa waliochanjwa Februari na Mei walikuwa 12: hakufa hata mmoja, wawili tu walisimama kutaga. Watatu walionunuliwa Juni, hawajawahi kuchanjwa: wamekufa wote. Wa uzi mwekundu walikuwa 13: wamekufa tisa. Alirudia kusoma mstari huo wa mwisho kwa kidole. "Hawa ndio wa ule ugonjwa wa Mei?" Nikamwambia ndio.

Kaya sita nyingine, hadi leo tarehe 30, hakuna aliyekufa kwa kideri.

Majibu ya damu yametoka jana. Kipimo chenyewe kinafanyika kwenye sahani ya plastiki yenye vishimo. Kirusi cha kideri kikichanganywa na chembe nyekundu za damu kinazishikamanisha, zinatanda kama utando. Kwenye maji ya damu ya kuku mwenye kingamwili, kirusi kinazuiwa, na chembe zinazama katikati ya kishimo kama kitone chekundu. Maji hayo yanapunguzwa nguvu nusu kwa nusu, 1:2, 1:4, 1:8 na kuendelea, halafu unatazama kitone kinaonekana hadi kishimo cha ngapi. Kuanzia 1:8 kuku anahesabiwa ana kinga.

Wa kwangu, watano kati ya sita wamefika 1:8 au zaidi. Wa uzi mwekundu kwa Bibi, mmoja kati ya sita.

Kuku kumi na wawili ni wachache, najua, na ningependa kupima hamsini. Lakini ndiyo mara ya kwanza safu ya pili ya kideri imeandikwa kitu. Wale sita walipata kitone tena tarehe 13, na katikati ya Agosti watatolewa damu kwa mara nyingine. Ikiwa bado wako chini, hatutawategemea kwa kuzalisha vifaranga. Kaya zote saba zimekubali mambo mawili: kuku wa kununua au wa zawadi anakaa peke yake wiki mbili kabla ya kuchanganywa, na vifaranga watakaototolewa kuanzia sasa wachanjwe gumboro. Hiyo ya gumboro inatolewa kwenye maji ya kunywa, kwa hiyo tumeshakubaliana na mwenye kisima cha juu kule kwenye mawe, maji ya bomba yasitumike.

Bibi naye ameuliza kitone kijacho ni lini. Yule tetea wake ametotoa vifaranga tisa.