Mtu asiyegusa mpira

Nina mwaka wa nne hapa Akron, Ohio, na mpira wa Kimarekani nilikuwa nauona vurugu tupu. Mpaka mzee mmoja wa kazini akaniambia, "Achana na mpira, mwangalie namba 73." Wakati wa mapumziko akanifungulia kwenye simu mechi za zamani za Cleveland Browns.

Namba 73 ni Joe Thomas. Jitu la kilo 140 hivi, linarudi nyuma kwa hatua fupi fupi, magoti yamekunjwa, mikono mbele, kama bawabu anayezuia watu mlangoni. Kazi yake kubwa: mrusha mpira wa timu yake asifikiwe na wapinzani. Alianza 2007 na hakutoka uwanjani hata kwa shambulizi moja hadi Oktoba 2017, msuli wa mkono ulipochanika. Mashambulizi 10,363 mfululizo! Na timu yenyewe misimu mingi ilikuwa kichapo tu, jamani. Mechi ya mtoano hakuwahi kucheza. Mwaka 2023 akaingizwa kwenye Jumba la Magwiji pale Canton, jirani tu na hapa.

Siku anachaguliwa kuingia ligi, alikuwa ziwani na baba yake, wanavua samaki.

Sasa tukitazama mechi mke wangu ananiuliza mpira uko wapi. Sijui!