Glasi ya Mwisho

Jana usiku tuliifungua ile chupa. Barolo, mvinyo mwekundu wa Italia, ya mwaka 2010, zawadi iliyolala kabatini miaka sita ikingoja siku ya kuistahili. Kila sherehe ilipokaribia, mmoja wetu alisema, "Bado." Jana haikuwa sherehe yoyote. Mume wangu alirudi kazini amechoka, nyama ilikuwa jikoni, na mvinyo mwingine haukuwepo.

Kizibo kilikatika. Nusu ya juu ikatoka na kizibuo, nusu ya chini ikatumbukia ndani. Nikaumimina mvinyo taratibu kwenye jagi la kioo kupitia chujio la chai, na ikawa heri, maana chini ya chupa kulikuwa na mashapo meusi kama masizi yaliyolowa. Si uchafu. Ni rangi na tanini (vitu vya zabibu vinavyoleta ukakasi) zilizoshikana kwa miaka zikazama, ndiyo maana mvinyo mwekundu hupauka ukizeeka. Wetu ulikuwa wa rangi ya tofali, na kandokando ya glasi ulielekea chungwa.

Nikaonja, moyo ukaniingia baridi. Mkali, mkavu, una ukakasi wa tunda bichi: ulimi na fizi vyote vilikakamaa. "Tumeuchelewesha," nikasema. Mume wangu, mtu asiyeweza hata kungoja chai ipoe, safari hii akaniambia, "Tulia, uache upumue." (Nitamkumbusha siku ya chai.)

Kumbe Nebbiolo, zabibu inayotoa Barolo, inajulikana kwa ukakasi huo. Hustawi kwenye vilima vya Piemonte, kaskazini-magharibi mwa Italia, na jina lake huhusishwa na neno la Kiitaliano lenye maana ya ukungu, kwani mara nyingi huvunwa Oktoba, ukungu ukiwa umetanda mabondeni. Sheria inataka Barolo ikomazwe miezi 38 kabla ya kuuzwa, 18 kati yake kwenye mapipa ya mbao. Nami nilitaka inichangamkie kwa dakika tano!

Nyama ndiyo iliyotupatanisha. Tanini hung'ang'ania protini. Zikikosa ya chakula, hukamata ile ya mate, ndipo kinywa hukauka. Kwa tonge la nyama yenye mafuta, glasi ya pili ilishuka laini. Harufu nazo zikaanza kujitokeza, kwanza waridi lililokauka, kisha kitu ambacho sikukipatia jina.

"Barabara mpya," mume wangu akasema.

Nilicheka sana, ila alikuwa sahihi. Hata wajuzi wa Barolo hutaja waridi na lami pamoja.

Iliyobaki tuligawana saa mbili baadaye, vyombo vikiwa bado mezani. Ukakasi ulikuwepo, lakini kwa mbali, na ladha ilikaa mdomoni muda mrefu hata tukaacha kuzungumza. Ilikuwa nusu glasi tu kwa kila mmoja.

Asubuhi nimelinusa jagi kabla ya kuliosha. Lami imekwenda. Waridi bado lipo.