Nilivyotuliza sakafu ya darubini ya elektroni

Mteja alitaka zege nene tu. Ndilo wazo la kwanza la kila anayesikia kwamba darubini ya elektroni, ile ya kukuzia vitu vidogo mno, haitaki mtetemo. Mimi niliomba kwanza michoro ya jengo zima, nikauliza pampu, feni na lifti zitakaa wapi.

Mtengenezaji wa darubini alidai kiwango cha VC-E: mtetemo usizidi takriban mikromita 3 kwa sekunde katika kila kipande cha masafa, yaani idadi ya mitikisiko kwa sekunde (hezi). Mwili wa binadamu huanza kuuhisi kwenye mikromita 100 hivi kwa sekunde, kwa hiyo kusimama pale na kusema "mbona pametulia" hakusaidii kitu. Tulipima kiwanja kwa sensa mchana na usiku kabla msingi haujachimbwa.

Michoro ilikiweka chumba hicho ghorofani. Nilikataa. Mtu akitembea hupiga hatua kama 2 kwa sekunde, na mitetemo yake ya hezi 4, 6 au 8 huweza kukutana na masafa asilia ya sakafu, yale ambayo sakafu yenyewe hupenda kutikisika nayo, ikakuzwa. Mteja akauliza kuhusu mito ya hewa, ile mifuko iliyojazwa hewa ya kuweka chini ya darubini. Ni mizuri kwa masafa ya juu, ila yenyewe hucheza kwenye hezi 1 hadi 2 na hapo huongeza mtetemo badala ya kuupunguza. Tukashuka chini, kona iliyo mbali na barabara na lifti, jamvi, yaani bamba la zege la kubeba darubini, likalala juu ya udongo ulioshindiliwa.

Jamvi hilo tulilitenga na sakafu ya jengo kwa mwanya uliojazwa sponji. Hapa mafundi walinichoka. Rojo la saruji likidondokea mwanyani na kukauka, au bomba la nyaya likivuka upande wa pili, mtetemo umepata njia na mwanya wote umebaki pambo. Nilikagua kwa tochi kila zege ilipotaka kumwagwa.

Mitambo ilipowashwa, sensa zikaonyesha kilele cha mtetemo karibu na hezi 25. Mota yenye ncha 4 za sumaku kwenye umeme wa hezi 50 huzunguka karibu mara 1,500 kwa dakika, sawa na 25 kwa sekunde, kwa hiyo tulijua tunatafuta mashine ya aina gani. Tukazima moja baada ya nyingine hadi kilele kikapotea: pampu ya maji baridi. Yenyewe ilikaa juu ya springi vizuri kabisa, lakini bomba lake lilikuwa limekazwa ukutani chuma kwa chuma. Tukaweka kiungo cha mpira, bomba likaning'inizwa kwa springi, na vipimo vikapita.