Steringi akifufuka mimi nashuka

Jana dogo mmoja wa kazini kaniuliza, hivi bro unajuaje sizoni imeshakufa na inabidi uachane nayo? Nikacheka kwanza maana mimi ndo mtu wa mwisho kuulizwa hilo swali. Nimekaa na Prison Break, ile sizoni ya Kimarekani ya kutoroka jela, tangu enzi tunakodi DVD kwa jero mpaka enzi za kuingiziwa kwenye flashi, na kituo nilichotakiwa kushuka nakijua kabisa, sema sikushuka.

Sizoni ya kwanza, ile ya 2005, acheni utani. Jamaa anaitwa Michael, anavamia benki makusudi ili afungwe jela moja na kaka yake Lincoln anayesubiri kuuawa, ramani ya jela kaichora mwilini kama tatuu, episodi 22 na kila moja inaisha umeshika kichwa. Umeme ukikatika nyumba nzima tunabaki gizani tunabishana Michael atatokaje, hakuna anayeenda kulala. Ya pili wameshatoroka wanakimbizwa, poa. Kusema ukweli stori ilishaisha walipovuka ule ukuta, ila nani ana ubavu wa kusema hivyo wakati utamu bado uko mdomoni.

Ya tatu Michael karudi jela, safari hii Panama. Fupi, episodi 13 tu, maana waandishi wa stori za muvi wa Marekani walikuwa kwenye mgomo. Humo ndo Lincoln anafungua boksi anakuta kichwa cha Sara, yule daktari mpenzi wa Michael. Mama, ambaye huwa anapita tu akielekea jikoni, siku hiyo alikaa chini kabisa. Tulinuna siku mbili, sitanii.

Sasa ya nne inaanza, Sara huyu hapa mzima wa afya, eti kile kichwa hakikuwa chake. Sebule ikalipuka kwa shangwe, na mimi nikiwemo. Mama kasimama mlangoni na mwiko wake, "huyu si alikatwa kichwa?" tukamjibu aah mama hujaelewa. Kumbe ye ndo aliyeelewa peke yake! Maana kuanzia pale mtu akinyooshewa bunduki mi natafuna tu karanga zangu, hata akifa si atarudi. Kitaani tumekua tunajua steringi hafi, sawa, lakini raha yote ni kusahau kwa dakika 40 kwamba hafi.

Kwahiyo mimi siachi sizoni kwa ubaya, episodi mbovu tatu nne navumilia na zipo nyingi zilizonyanyuka tena. Naacha siku roho ikiacha kunidunda, afu simu ikiita naongea huku muvi inaendelea na wala sirudishi nyuma. Kuna wale wa "nimeshaangalia nne siwezi kuishia hapa", hao ni kama mtu kapitishwa kituo na bado kakaa kwenye daladala kisa nauli alishalipa.

Na mi ndo nilikuwa huyohuyo. 2009 Michael kafa, kaburi tumeonyeshwa, tumelia, imeisha. 2017 wakaleta ya tano, jamaa yuko hai kafungwa Yemen!! Nikaenda kuingiziwa mbiombio kama mjinga, episodi 9, nikaangalia nne. Tano zilizobaki zikakaa kwenye flashi miezi na miezi, mpaka siku natafuta nafasi ya kuweka picha za harusi ya dada, nikazifuta zote bila hata kuzifungua.