Neno moja lililonirudisha kwenye kupima sukari

Miezi minane ya mwanzo nilikuwa na mashine ya kupimia sukari nisiyoitumia. Ilikaa ndani ya kimkoba chake juu ya kabati, nami nikipita pale napeleka macho upande mwingine. Nilikuwa nimegunduliwa kuwa na kisukari aina ya pili baada ya wiki kadhaa za kiu isiyokatika, kuamka mara nne usiku kwenda haja ndogo, na macho kuona ukungu jioni. Sukari kabla ya kula ilisoma 11.8 (milimoli kwa lita), na HbA1c, kile kipimo cha damu kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi miwili hadi mitatu, kikatoka asilimia 9.4. Kuanzia asilimia 6.5 kwenye kipimo hicho, daktari alisema, mtu anahesabiwa kuwa na kisukari. Nikarudi nyumbani na dawa, mashine, boksi la vijiti vya kupimia na karatasi ya maelekezo ya chakula. Nikapima siku tisa, nikaacha.

Watu hudhani anayeacha kupima hajali. Mimi nilikuwa najali kupita kiasi. Shangazi yangu alikatwa mguu kwa ugonjwa huuhuu, na kila tone la damu nililoweka kwenye kijiti niliona kama nasomewa hukumu ya mguu wangu. Mashine ikisoma 13 asubuhi, siku yangu imekwisha hapohapo: kazini siko, watoto nawafokea, chakula cha mchana nakila kwa hasira kwa sababu nimeshaharibu. Ikawa nafuu nisijue. Mama alizoea kusema mficha maradhi kifo humuumbua, na nilidhani msemo huo unawahusu wanaowaficha wengine maradhi yao. Kumbe mtu anaweza kujificha yeye mwenyewe.

Dawa nayo niliificha. Metfomini ilinivuruga tumbo kiasi cha kuogopa kutoka nyumbani, basi nikaacha kimyakimya, na kliniki nikiulizwa naitikia kwamba nameza. Ningesema kweli mapema, ningeambiwa mapema yale niliyokuja kuambiwa baadaye: imezwe pamoja na chakula, ianze na dozi ndogo ipandishwe taratibu, na kwamba kuna ile inayoachia dawa polepole ambayo matumbo ya wengi huivumilia vizuri zaidi. Siku niliyobadilishiwa hiyo, baada ya wiki mbili tumbo likatulia. Ukiwa unasoma haya na dawa inakusumbua, tafadhali sema. Hakuna daktari anayeweza kurekebisha dozi ambayo anaamini unaimeza.

Nyumbani msaada ulikuwepo, tena mwingi. Mume wangu alisoma kila alichokipata kuhusu sukari, akaondoa vitu vitamu vyote kabatini, akawa ananiuliza mezani, "Hicho unaruhusiwa?" Aliuliza tukiwa wawili, aliuliza mbele ya watoto, aliuliza mbele ya wageni. Nilikuwa mtu mzima mwenye sahani inayokaguliwa. Nikaanza kula kwa kujificha, jikoni, taa imezimwa, baada ya wengine kulala. Simlaumu hata kidogo. Alikuwa anaogopa kunipoteza na hiyo ndiyo njia aliyoijua. Lakini nasema wazi kwa ajili ya familia zenye mgonjwa: macho yanayolinda sahani yalinizidishia kula, hayakunipunguzia.

Mwezi wa nane HbA1c ikasoma 9.1. Nilikuwa nimejiandaa kugombezwa, maana nilishawahi kuambiwa na mhudumu mmoja, sehemu nyingine, kwamba najiua mwenyewe. Safari hii nesi hakusema neno juu ya namba. Alinipa dodoso la maswali 20, akaniambia nijibu nikiwa peke yangu. Hayakuuliza nimekula nini. Yaliuliza ninavyojisikia: kama nina hofu ya madhara ya baadaye, kama najilaumu nikitoka nje ya utaratibu, kama najiona niko peke yangu na ugonjwa huu, kama nimechoshwa na juhudi za kila siku. Kila jibu linapewa alama kuanzia 0 hadi 4, kisha jumla inazidishwa ifike kwenye mizani ya 100. Kuanzia 40, nesi alinieleza, ni dalili kwamba mzigo wa ugonjwa umemwelemea mtu. Mimi nilipata 55.

Nililia mbele yake, na haikuwa kwa huzuni. Dodoso lile lilitangazwa mwaka 1995 na mwanasaikolojia William Polonsky na wenzake, maana yake ni kwamba kuna watu walioketi wakaandika uchovu wangu swali kwa swali miaka mingi kabla sijaugua. Nilidhani nina tabia mbaya. Kumbe nina kitu kinachojulikana, chenye kipimo chake, tena si lazima kiwe sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito, ingawa viwili hivyo vinaweza kukaa pamoja na sonona inahitaji matibabu yake.

Nesi akaniuliza, "Nani anajua namba zako?" Nikasema hakuna. Akanionyesha mama mmoja aliyekuwa amekaa kwenye benchi nje. Alikuwa amemwuliza swali hilohilo nusu saa kabla.

Mama yule alinizidi umri kama miaka kumi, na alikuwa na kisukari kwa miaka sita. Aliniita mdogo wangu tangu dakika ya kwanza, nami nikamwita dada. Hatukupeana ushauri wowote siku ile. Tulikubaliana jambo moja dogo: kila asubuhi kabla ya kula, kila mmoja apime, amtumie mwenzake namba kwa simu. Namba tu, bila maelezo. Na anayepokea ajibu neno moja: "Nimeona." Asisifu, asipe pole, asiulize kulikoni. Kutosifu lilikuwa wazo lake yeye, na mwanzoni sikulielewa. Alisema, "Ukinisifu leo kwa 6, kesho nikipata 12 nitaogopa kukutumia."

Siku ya nne nilipata 14.6. Jana yake kulikuwa na sherehe, nilikula bila mpango, dawa ya jioni nikaisahau. Nilikaa na simu mkononi nikatunga uongo wa namna tatu: nitasema mashine imegoma, nitasema vijiti vimeisha, nitaandika 9. Mwisho nikatuma 14.6. Jibu likaja: "Nimeona." Yeye alituma 7.7. Nami nikaandika: "Nimeona." Basi. Hakuna kilichoanguka. Nikaoga, nikameza dawa, nikaenda kazini, na mchana ule nilikula kama mtu mwenye akili timamu kwa sababu sikuwa na adhabu ya kujipa. Kila nikitafuta nilipoanzia kupata nafuu, narudi asubuhi ile.

Baada ya mwezi nilikuwa na namba thelathini mfululizo, na namba nyingi zikikaa pamoja huanza kuongea. Niliona kwamba asubuhi nyingi nasoma 8 na ushee hata nilipokula kidogo usiku, wakati kabla ya kulala nilikuwa 7. Hilo lilinitesa sana, nikajiona najinyima bure. Daktari akanieleza kuwa alfajiri mwili hutoa homoni za kutuamsha, nazo huliambia ini limimine sukari kwenye damu. Asiye na kisukari hutoa insulini ya kutosha kuituliza, mimi kongosho langu halifiki huko. Kwa hiyo ile 8.9 haikuwa dhambi ya chakula cha jioni. Ni faraja kubwa, kujua kwamba namba nyingine hazihusu mwenendo wako.

Hapo ndipo nilipopata ujasiri wa kuzungumza na mume wangu. Sikumwambia aache kunisaidia. Nilimwambia msaada ninaoutaka ni upi, jambo ambalo sikuwahi kulifanya, kwa sababu nilidhani anayependa anajua mwenyewe. Nikasema: usiniulize ninachokula, tembea na mimi baada ya chakula cha jioni. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Mimi nilidhani nikinyamaza utaona sijali." Tulitoka jioni ileile, dakika kumi na tano kwa kuangalia saa. Misuli inayofanya kazi huchukua sukari kutoka kwenye damu hata kama insulini haifanyi kazi vizuri, kwa hiyo mwendo mfupi baada ya kula unasaidia mara moja, siyo mpaka upungue uzito kwanza. Nilipima kabla na baada mara kadhaa ili nijionee mwenyewe. Lengo linalotajwa kwa watu wazima ni dakika 150 kwa wiki, na kwa mwendo ule wa jioni, na kidogo zaidi mwishoni mwa wiki, tunalifikia bila kulihesabu sana. Mazungumzo yetu mengi mazuri ya miaka hii yametokea njiani.

HbA1c ikashuka hadi 8.2, kisha 7.9, ikagoma hapo. Daktari akaniongezea dawa ya pili, ile inayolihimiza kongosho kutoa insulini zaidi. Nilivunjika moyo kuliko siku niliyogunduliwa, maana safari hii nilikuwa nimefanya kila nilichoambiwa. Yeye akanisimulia utafiti mkubwa wa Uingereza uliotangaza matokeo mwaka 1998, uliowafuatilia watu zaidi ya 5,000 waliokuwa wamegunduliwa karibuni. Waliodhibiti sukari kwa nguvu zaidi walipata madhara ya mishipa midogo, kama ya macho na figo, pungufu kwa robo hivi. Lakini utafiti huohuo ulionyesha kuwa baada ya miaka 9 karibu robo tatu ya wagonjwa walihitaji dawa zaidi ya moja, kwa sababu kongosho huendelea kuchoka. Natamani ningeelezwa hivyo siku ya kwanza. Ukiambiwa mapema kwamba dawa zinaweza kuongezeka, hutaichukua dawa mpya kama cheti cha kufeli.

Dawa hiyo mpya ndiyo iliyovunja kanuni yetu, mara moja tu. Mchana mmoja nilichelewa kula, mikono ikaanza kutetemeka, jasho likanitoka, nikapima: 3.4. Nikamtumia dada bila kufikiri, ingawa haikuwa asubuhi. Hakuandika "Nimeona." Simu ikaita papo hapo. "Mdogo wangu, kunywa kitu chenye sukari sasa hivi, niko hapa hapa." Chini ya 3.9 ni sukari iliyoshuka, na tulikuwa tumefundishwa wote: gramu 15 za sukari inayoingia haraka, subiri dakika 15, pima tena. Alibaki kwenye simu dakika zote kumi na tano, akinisimulia habari za wajukuu wake. Ikasoma 5.1, nikala chakula, ndipo akakata. Tangu siku hiyo kanuni ina kipengele cha pili: chini ya 4 hatuandikiani, tunapigiana.

Mwaka uliopita zamu ikageuka. Alifiwa na mumewe, na kwa wiki tatu namba zake hazikuja. Sikumwuliza. Nilituma yangu kila asubuhi, 7.2, 6.8, 8.4, bila kudai jibu, na siku ya ishirini na mbili akatuma 17.3. Niliandika "Nimeona" vidole vikinitetemeka, kwa sababu nilitaka kuandika mambo mia. Kesho yake akatuma 16. Wiki ileile aliniomba nimsindikize kliniki, tukaenda, akaanzishiwa insulini. Yeye ambaye miaka yote aliiogopa sindano alirudi akisema haimuumi kama kijiti cha kidole.

HbA1c yangu ya mwisho ni 7.3. Ilifika 7.1 mwaka jana ikapanda tena wakati nilipokuwa nauguza mtoto, na sikuanza upya, niliendelea tu. Bado zipo siku ninazokula kwa hasira, ila mashine haijarudi juu ya kabati. Miguu naikagua kila usiku, kati ya vidole na nyayo, na mume wangu hushika tochi.

Mwezi ujao mimi na dada tuna miadi ya macho ya kila mwaka. Wakikutia yale matone ya kupanua mboni, kwa saa kadhaa unaona ukungu na mwanga unaumiza, haifai kurudi peke yako. Tumeomba siku mbili tofauti, yeye Jumanne na mimi Alhamisi, ili kila mmoja awe na mtu wa kumshika mkono wakati wa kutoka.