Mwezi wa nne na pedi za kufua

Jamani mie na pedi za dukani tumeachana, huu mwezi wa nne natumia za kitambaa. Mwanzo nilikuwa naona kinyaa kweli, yaani nianze kufua damu kama bibi zetu, ila hesabu ikanishinda, ile kodi ya VAT kwenye pedi ambayo serikali ya Tanzania waliitoa 2018 sie huku bei wala hatukuiona ikishuka na 2019 wakairudisha, basi nikanunua sita. Siri ni maji ya baridi, ukiloweka kwenye ya moto doa linaganda halitoki ng'o, nimejua hilo baada ya kuharibu mbili. Na uanike juani, sio unaficha chini ya godoro zinabaki na unyevuunyevu. Sasa nyumba ya kupanga kamba moja wapangaji wote, siku ya kwanza nikazifunika na khanga, mama mwenye nyumba akafunua, "mwanangu hivi vitakauka saa ngapi?" Nilitamani ardhi inimeze 😂 jioni kanigongea, anataka za binti yake. Kazini nikibadilisha naikunja naweka kwenye kimfuko cha zipu, hamna harufu. Kikombe cha hedhi, kile cha kuvaa ndani, ndo bado naogopa, mnaotumia hivi kinaingiaje jamani?