Njia ya Kolo kabla ya mvua

Jumamosi tulikuwa kumi na mmoja, majembe manne, sururu mbili. Njia ya kupandia kwenye michoro ya miambani ya Kolo, wilayani Kondoa, ilikuwa imekatwa na maji, na udongo wa Kondoa ukianza kumomonyoka hausubiri; ndiyo maana mwaka 1979 mifugo iliondolewa sehemu kubwa ya huku ili ardhi ipone. Nikawapanga wawili wawili: mmoja achimbe mfereji wa kuchepusha maji, mwenzake apange mawe.

Mzee mmoja wa kijijini akanishika mkono. “Mwanangu, hapa msipitishe njia. Watu huja kutambika.”

“Sawa, babu.”

Tukang’oa vigingi vyote vya kuonyesha njia, tukavihamisha hatua thelathini kushoto. Jua kali, lakini hakuna aliyenung’unika. Nawapenda sana vijana hawa! Desemba mvua zikianza, nitarudi kuangalia kama mawe yameshika.